Bustani ya Sisimizi na Ungo wa Mama

Kila siku baada ya sala ya alasiri mama yangu anachagua mchele. Anakaa chini sebuleni, miguu ameinyosha, ungo uko mapajani, na vidole vyake vinatembea juu ya punje utadhani bado yuko Zanzibar na mchele umetoka sokoni na mawe yake, chuya zake na wadudu wake. Sisi tuko Bawshar, hapa Maskati. Mchele wetu umesafishwa kwa mashine huko ulikotoka, umetiwa kwenye mfuko wenye zipu, na kwa miaka yote hii sijamwona akitoa humo hata jiwe moja. Akimaliza ungo wa kwanza ananiambia nimletee mchele mwingine, na mimi, ambaye ndiyo kwanza nimeingia kutoka kazini na mtandio bado uko kichwani, ninapandwa na hasira.

"Mama, mchele huu safi."

"Usafi wake naujua miye ninaoutia mkono," ananijibu, wala hainui macho.

Nayaeleza haya ya mchele mapema kwa sababu bila ya hayo habari ya sisimizi wangu haitaeleweka vizuri. Na habari ya sisimizi ndiyo niliyokusudia kuisimulia.

Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia. Nilipostaafu nilikaa nyumbani miezi michache nikagombana na kila mtu, kuanzia mtu wa kuleta maji mpaka majirani na paka wao, na nadhani watu wa nyumbani walishukuru Mungu nilipopata kazi nyingine. Kazi yenyewe ilikuwa katika kituo kidogo cha sayansi cha watoto huko Khuwair ya Kusini, ghorofa ya juu, chini yake kuna daktari wa meno na duka la miwani. Kila mtu alipewa chumba chake cha kusimamia. Wengine walipata nyota, wengine mifupa ya nyangumi. Mimi nikapewa sisimizi.

Si sisimizi hawa wa jikoni. Hawa asili yao misitu ya Amerika ya Kusini, na kazi yao ni kukata majani. Watu wakiwaona wamebeba vipande vya majani juu ya vichwa hudhani wanapeleka chakula nyumbani, lakini majani hawayali. Wanayatafuna yakawa kama rojo, wanayapanga, na juu yake wanapanda kuvu. Hiyo kuvu ndiyo chakula chao, na chakula cha watoto wao, na wanaitunza kwa samadi na unyevu kama mkulima yeyote. Kwetu waliishi ndani ya masanduku ya kioo yaliyounganishwa kwa mirija. Masanduku manne yalikuwa ya bustani, na bustani yenyewe ukiitazama ni kitu cheupe chenye rangi ya jivu kidogo, kina vitundu vitundu kama sifongo. Sanduku la tano lilikuwa jaa lao la taka. Malkia alikuwa katika bustani ya pili, mkubwa, mzito, haendi popote.

Majani nilikuwa nawaletea mwenyewe kutoka uani kwetu, ya mwaridi, ya mkunazi, ya mndimu, kwa sababu uani kwa majirani watu wanapiga dawa ovyo. Mama alinitazama asubuhi moja nikichuma majani nikiyapanga ndani ya mfuko.

"Watu wananunua dawa ya sisimizi," alisema, "weye unalipwa kuwalisha."

Watoto wanaokuja kituoni huuliza maswali yale yale: malkia ana taji, wanauma, wanalala saa ngapi. Mimi nilikuwa na hamu ya kuwaeleza jambo jingine, ambalo nililipenda kuliko yote. Niliwaambia kwamba shamba hilo lina adui, na adui mwenyewe haji kutoka nje. Kuna kuvu nyingine, kimelea, ambayo haina haja na majani. Inakula ile kuvu ya sisimizi. Inaishi mle mle ndani ya kiota, na ikipata nafasi inaimaliza bustani nzima. Kinachoizuia ni wale sisimizi wadogo kuliko wote, wadogo kuliko punje ya ufuta, ambao kutwa wanapita katika vile vitundu wakilamba nyuzi za bustani, wakiokota vijimbegu vya kimelea kimoja kimoja. Wakikuta mahali kimeshika, wanakata kipande chake, na wakubwa wao wanakibeba kile kipande mpaka jaani. Hata dawa wanayo. Kifuani wana vumbi jeupe kama poda, na hilo ni bakteria wanaowafuga juu ya miili yao, wenye kutoa dawa ya kukizuia kimelea.

Nilikuwa nayasema haya kwa kujiamini kweli, kwa sababu kimelea chenyewe nilikuwa sijakiona hata siku moja. Ilikuwa habari ya kitabuni. Bustani yangu ilikuwa nyeupe siku zote.

Kisha wakaja wageni. Wageni wakubwa, wa serikali, waliotaka kukiona kituo kabla ya kuamua kama kitaongezewa vyumba. Siku hiyo mimi sikuwepo, nilimpeleka mama kliniki ya macho. Mudir wetu, yaani mkuu wa kituo, ni kijana mstaarabu, wazee wake wametoka Unguja kama wangu, na alifanya kile ambacho yeyote katika sisi angekifanya nyumbani kwake akipata wageni wa heshima. Alileta udi wa nyumbani, ule mzuri wa kuwekewa harusi. Akafunga madirisha ili harufu ikae, akampa chetezo mwenzangu wa kazi, akamwambia afukize kila kona.

Huyu mwenzangu ni Mtanzania wa bara, anatoka Iringa, anakaa Ruwi na wenzake katika fleti moja, na ndiye anayeshughulikia usafi na vyumba vyote. Tunapendana sana, ingawa sisimizi wangu alikuwa anawaogopa na kuwasalimia kwa mbali. Asubuhi yake alinipokea mlangoni, uso umejaa furaha.

"Dada, jana ungeona. Wageni wamesifu mpaka basi. Nilifukiza kila kona kama mudir alivyosema. Hata wadudu wako niliwapitishia, nikafungua na kile kidirisha chao, wasijione wametengwa."

Nilimpigia kelele. Kisha nikamwomba radhi, kwa sababu nilimwona machozi yanamlengalenga, na kwa sababu mimi mwenyewe kila Alhamisi nafukiza nyumba yangu mpaka chini ya vitanda. Angejuaje? Kwetu sisi, ukimpenda mtu unamfukizia. Lakini sisimizi wanaishi kwa harufu. Njia ya kurudi nyumbani ni harufu, mwito wa kazi ni harufu, huyu ni ndugu na yule ni mgeni, yote ni harufu. Moshi wa udi ndani ya kioo kilichofungwa ulikuwa kama kuzimiwa taa katika nyumba yenye watu tele, kisha ukatarajia kila mtu aendelee na kazi yake.

Wengi walikufa siku ile ile. Waliobaki walikuwa wamebeba watoto na kurundikana nao pembeni mwa bustani ya pili, juu ya malkia, bila kwenda wala kurudi. Majani niliyowawekea yalinyauka pale pale. Na wale wadogo, wachaguzi wangu wa vijimbegu, hawakuwa wakipita tena katika vitundu.

Siku chache baadaye nikaona doa katika bustani ya nne. Kwanza lilikuwa utando mweupe, laini kupita ule wa kawaida, nikajidanganya kwamba ni kuvu yao imeota vizuri. Halafu juu yake pakaja vumbi la kahawia, kama mtu amenyunyiza mdalasini. Nilisimama mbele ya kioo nikiwa na mfuko wangu wa majani mkononi. Nilikuwa nimekisimulia kitu hiki kwa watoto wengi mno, na sasa kilikuwa kinanitazama.

Nilimpigia simu mtaalamu aliyetuletea kundi lile, mzee mmoja wa Ulaya anayewafuga kwa ajili ya vyuo. Nilimuuliza kimelea kimeingia kutoka wapi. Alinijibu kwamba hakikuingia kutoka popote, kilikuwemo tangu siku aliyotutumia lile sanduku, na kimo katika viota karibu vyote alivyowahi kuvifuga. Nilimuuliza dawa. Akaniambia dawa yoyote itakayoua kuvu ile itaua na bustani, maana zote mbili ni kuvu. Nikamuuliza tufanye nini. Akasema tuwaachie sisimizi, ikiwa wametosha. Kundi jingine hawezi kulileta karibuni.

Mudir alikuja chumbani siku hiyo, akaliangalia doa muda mrefu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wageni wamekubali kutuongezea vyumba, lakini chumba kisicho na kitu kilicho hai wanataka kiwe mahali pa kuuzia kahawa. "Wakifa hawa, mwalimu, sitaweza kukitetea." Hakusema kwa ubaya. Mimi nilitoka nikaenda kujifungia msalani nikalia, mwanamke mzima, kwa sababu ya sisimizi. Nilikuwa nimewapenda, na sikuwa nimejua kiasi gani mpaka siku hiyo.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ya sisimizi. Nilikaa na kibano na miwani ya kukuza nikitoa vipande vya kahawia, mwenzangu amenishikia taa huku amegeuza uso. Kila nilipogusa, vumbi lilipaa na kutua mahali pengine. Nilichokitoa asubuhi kilikuwa kimerudi alasiri na jamaa zake. Bustani ya tatu nayo ikashika. Nilijaribu kuongeza unyevu, nikajaribu kupunguza, nikagombana na fundi wa kiyoyozi aliyekuja kwa shughuli zake nyingine kabisa.

Basi siku moja nikarudi nyumbani nimechoka, mama ananiita nimletee mchele wake. Sikuwa na moyo wa kwenda na kurudi. Nikachukua mfuko wenyewe, nikaumimina juu ya ungo mpaka mchele ukafanya mlima na mwingine ukamwagika kwenye zulia. Nilitaka amalize mara moja, na mimi nipumzike.

Mama aliutazama ule mlima, kisha akanitazama mimi.

"Hivi ndivyo n'livyokufunza? Sasa hapa mtu anachagua au anakoroga? Cha chini nitakionaje?" Akaanza kuusukumia mchele ndani ya mfuko kwa viganja vyote viwili. "Rejesha. Niwachie kiasi cha mikono yangu. Nikimaliza huu n'takwambia ulete mwengine. Siku hizi huna subira hata kidogo, khalas, ushakuwa kama nduguzo."

Nilipiga magoti kuokota punje kwenye zulia, na hapo hapo nikasimamisha mkono. Yeye aliendelea kunisema, mimi simsikii tena. Nilikuwa nawaona wale wadogo wangu, waliobaki wachache, na bustani nne kubwa mbele yao. Siku zote hizo nilikuwa nahangaika kuokoa bustani, kila kipande cheupe nakihurumia, nakiacha. Nilikuwa nimewawekea mlima, na mikono yao haitoshi hata ungo mmoja.

"Mama," nikasema, "nimekufahamu."

"Ungenifahamu usingemwaga," akasema.

Ijumaa asubuhi, Maskati imelala, barabara nyeupe hazina gari, nilikwenda kumchukua mwenzangu Ruwi. Alikuwa ananisubiri nje ya duka lililo chini ya fleti yao na sanduku jipya la kioo alilolipata kwa Mhindi mmoja muuza samaki wa mapambo, amelifunga kwa kanga yake lisivunjike. Tulipofika kituoni tuliliosha kwa maji ya moto tukalikausha. Nilimweleza ninachotaka kufanya. Bustani tatu zinatupwa zote. Katika ile ya pili tunakata kipande kilichomzunguka malkia, kiasi cha chungwa, tunakihamishia katika sanduku jipya pamoja na kila sisimizi aliye hai. Basi.

Alinionyesha bustani ya kwanza, ambayo haikuwa na doa hata moja, nyeupe kabisa.

"Dada, na hii? Mbona nzima?"

"Nzima leo."

"Jamani. Chakula chao hiki."

"Hawataweza kuilinda. Wachache mno."

Nikakata. Sitaki kujifanya shujaa, niliposikia ile bustani nzima inavunjika ndani ya mfuko moyo uliniuma kweli. Miaka ya kazi yao ilikuwemo humo. Mwenzangu, ambaye hajapata kumgusa sisimizi kwa hiari yake, alivaa glavu akaanza kuwaokota waliobaki kwa brashi laini na kuwahamishia. Mmoja alipenya akamng'ata kwenye kiganja. Akavuta pumzi, akamtazama, akasema, "Haya, tumelipana," akaendelea.

Mudir alikuja kabla ya sala ya Ijumaa, amevaa kanzu yake ya dishdasha iliyopigwa pasi ikasimama. Hatukuwa tumemwita. Aliiona ile mifuko ya bustani iliyofungwa, akaelewa, akaichukua yote mwenyewe mikononi na kuishusha ngazi mpaka kwenye gari lake, dishdasha na yote. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mwalimu, nisamehe kwa ule udi."

"Ulikuwa udi mzuri," nikamwambia. "Wageni wamesifu." Tukacheka sote watatu, na lile kundi dogo mbele yetu lilikuwa limejikusanya juu ya chungwa lake bila kufanya lolote.

Hawakufanya lolote kwa siku kadhaa. Nilikuwa naingia asubuhi nimejiandaa kukuta vumbi la kahawia. Niliwawekea petali za mwaridi, ambazo ni laini na hazina kazi kuzikata, hawakuzigusa. Sanduku la taka tuliloliunga upya lilikuwa tupu, safi kama sahani ya kabatini. Usafi ule ulikuwa unanikera kuliko uchafu wowote niliowahi kuuona.

Kisha asubuhi moja nilikuta katikati ya jaa kitu kidogo, kama makombo ya mkate. Nikakiweka chini ya kioo cha kukuzia. Kilikuwa kipande cha bustani, na upande mmoja wake kilikuwa na utando na chembe za kahawia. Mtu alikuwa amekikuta, amekikata, amekibeba kupitia mrija mzima, amekitupa. Nilimwita mwenzangu kwa sauti akaja mbio na ufagio, akidhani nimeanguka. Sijawahi kufurahia takataka namna ile. Kutwa nzima tulikuwa tunapokezana kuja kulitazama jaa, na kila tukija tunakuta limeongezeka.

Nilipouinamia mkusanyiko wenyewe niliwaona. Wale wadogo walikuwa wamerudi vitunduni, wanapita, wanalamba, wanasimama, wanarudi walikopita. Bustani kiasi cha chungwa, na mikono iliyoitosha. Baada ya hapo petali zikaanza kuwa na meno pembeni, halafu zikawa zinatoweka, halafu pembeni mwa bustani pakaota pamba mpya nyeupe. Nilipomsimulia yule mzee wa Ulaya kwa simu, aliniuliza nani alinipa wazo la kuipunguza. Nikamwambia ni mama yangu, yeye ni bingwa wa mchele. Sidhani kama alielewa.

Sasa bustani imejaza sanduku moja na imeanza la pili. Chumba ni changu bado. Wageni walipokuja tena, mudir alileta udi wake kama desturi, akaja nao mpaka mlangoni kwangu, akasimama. Akakiweka chetezo kwenye ngazi, akakaa nacho mwenyewe, anawafukizia watu wakishatoka.

Na mama alikuja. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na kwa wiki nzima alikuwa akizunguka nyumbani akigundua vumbi ambalo mimi sikujua lipo. Nikampeleka kituoni, nikamweka kwenye kiti mbele ya kioo, nikamwashia kile kiwambo kinachokuza picha mpaka sisimizi mdogo anakuwa kama kidole. Mwenzangu alimletea chai akasimama nyuma yake. Mama alikipokea kikombe, akatazama. Wale wadogo walikuwa kazini. Mmoja alipita juu ya kipande cheupe, akakigusagusa chote, akatoka, akaja mwengine akakirudia.

"Wanachagua mchele hawa," alisema mama.

"Ndiyo."

"Hapo wanatafuta nini lakini? Mbona nnaona peupe?"

"Wanautafuta ule ukungu niliokuhadithia."

"Umo?"

"Umo, mama. Hautoki. Siku zote umo."

Akasogeza uso karibu na kiwambo. Macho yake mapya yalikuwa yanang'aa kwa ile taa.

"Jee, wakesha kupaona pasafi, wanawacha?"

"Hawaachi. Ni safi kwa sababu hawaachi. Zile siku chache walizowacha ndizo tulizouona."

Alitikisa kichwa polepole, akanywa chai yake, akamwambia mwenzangu kwamba ina tangawizi ya kutosha, Mungu amjaalie. Kisha akanigeukia mimi.

"Basi leo alasiri usije ukanambia mchele huu safi."

Sikumwambia. Tulipofika nyumbani, akasali, akakaa mahali pake, nikamletea mchele kiasi cha mikono yake. Nikaenda jikoni nikauteremsha ungo wa pili, ambao ulikuwa juu ya kabati tangu alipofariki shangazi yangu aliyekuwa akiutumia, nikaupangusa, nikakaa chini ubavuni kwake na mchele kiasi cha mikono yangu. Tulichagua mpaka jua likashuka nyuma ya majumba. Sikupata kitu, na yeye hakupata kitu. Alivitazama vidole vyangu kwa muda, akasema nachagua kwa pupa, niende taratibu, nirudie pale pembeni.

Nikarudia.